Namna ya Kuandaa Taka za Plastiki kwa Urejelezaji Wenye Faida

Faida ya kurejeleza plastiki hupatikana au hupotea wakati wa kuchambua, kabla mashine haijawashwa. Tazama kitako cha chombo: ndani ya alama ya pembetatu kuna namba ya aina ya plastiki, ambapo 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni HDPE ya madumu, 3 ni PVC ya mabomba na 5 ni PP ya vifuniko vingi vya chupa. Kipande kisicho na namba kitumbukize majini. HDPE na PP huelea, ilhali PET na PVC huzama. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu PVC kidogo tu ikichanganyika na PET hutoa asidi ya haidrokloriki katika joto la kuyeyushia PET, ambalo ni takriban nyuzi 260 za Selsiasi, ikaigeuza rangi na kula chuma cha mashine.

Vifuniko visikupotezee muda: vikishasagwa pamoja na chupa, huelea vyenyewe kwenye pipa la kuoshea. Kausha PET kikamilifu kabla ya kuiyeyusha, kwani unyevu hukata minyororo ya molekuli zake na kuidhoofisha.

Kuhusu hesabu, plastiki isiyoshindiliwa hujaza lori kabla ya kufikia uzito wenye maana, kwa hiyo ifunge marobota kwanza. Kadiria pia mauzo kwa bei ya chini, maana mafuta ghafi yakishuka bei, plastiki mpya nayo hushuka, na wanunuzi huikimbilia.