Kumfundisha mtoto kusoma na kuandika kwa kibwagizo cha ngano

Chagua ngano isiyozidi dakika saba kuisimulia, yenye kibwagizo kinachorudi mara nne au zaidi. Visa vya fisi na sungura vitawachekesha watoto, lakini watakachosoma ni yale maneno wanayoyaitikia pamoja nawe. Kibwagizo kikiwa kirefu au kimejaa silabi ngumu, kipunguze. Tutumie hiki: “Fisi, fisi, lete nyama!”

Siku ya kwanza maandishi yasionekane kabisa. Anza na paukwa, pakawa, simulia kwa mdomo, na kila kibwagizo kinapofika nyamaza ili watoto wakimalizie. Wakishakizoea, wapige makofi kwa silabi: fi-si, fi-si, le-te, nya-ma. Makofi ni manane. Anayepiga tisa kwa kutamka “ni-ya-ma” ndiye atakayeandika “niama”, basi mrekebishe sasa, kwa sikio, kabla hajashika kalamu.

Siku ya pili andika kibwagizo ubaoni kwa herufi kubwa za kuonekana na wote, upitishe kidole chini ya kila neno wanapolisema. Hapa walimu wengi hudanganyika: mtoto anatamka vizuri kabisa huku anatazama dari. Huyo anakariri. Andika maneno kwenye kadi, uzichanganye, umpe “Nyama, lete fisi”. Akisoma “Fisi, fisi, lete nyama”, rudini kwenye kidole na neno mojamoja. Kurudia ngano nzima hakutamsaidia, maana anaijua tayari.

Siku ya tatu zikate kadi ziwe silabi nane, kisha watoto waunde maneno mapya: sisi, tele, mate, tema, nyasi. Waachie na maneno yasiyo na maana, kama “lefima”. Kichekesho hicho kina kazi kubwa, kwa sababu mtoto hana kumbukumbu ya kuegemea. Akiweza kulisoma, anasoma kweli. Tamka sauti, usitaje majina ya herufi, na usitenganishe “ny”. Vivyo hivyo sungura ni su-ngu-ra, si sun-gu-ra. Ila “m” ya mtu husimama peke yake, m-tu, na asiyeisikia hivyo huandika “mutu”.

Kuandika kufuate kusoma: mtoto asipewe silabi ambayo bado hajaweza kuisoma. Aichore kwanza hewani kwa kidole, ainakili kwenye mistari, halafu umpe imla ya maneno matatu hadi matano. Baada ya hapo mwachie pengo: “Fisi, fisi, lete ____!” Mmoja ataandika maji, mwingine mate, na darasa zima litataka kusoma cha mwenzake. Sahihisha silabi za wiki hiyo tu. Daftari likijaa wino mwekundu, mtoto huanza kuandika maneno matatu anayoyajua na kuacha mengine yote.

Mwisho wa wiki kunja karatasi mara mbili ipate sehemu nne. Mtoto achore visa vinne kwa mpangilio wake, akuambie sentensi moja kwa kila picha, nawe uiandike kama alivyoisema, bila kuipamba. Aisome mwenyewe. Ukiipamba, atakwama kwenye neno ambalo si lake.

Ngano ya wiki inayofuata iwe na kibwagizo chenye silabi mpya mbili au tatu, zilizobaki ziwe zile anazozijua.