Kumpa mtoto jina: anzeni na herufi

Assalaam alaykum. Orodha za majina mitandaoni zinawapoteza wazazi wengi, kwa hiyo nawawekea utaratibu.

1. Chagueni mapema, la kiume na la kike. Mashauri ni ya baba na mama. Bibi au babu akitaka apate somo wake, yaani mtoto aitwe kwa jina lake, na jina ni jema, msimvunje moyo.

2. Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kuuliza maana, ulizeni jina linaandikwaje kwa Kiarabu. Chukueni Asiya. Kwa alifu na sini ni mke wa Firauni, yule mama aliyeamini. Kwa aini na swadi ni mwanamke muasi, binti wa Umar bin Khattab aliitwa hivyo, Mtume (s.a.w.) akambadilisha akamwita Jamila (hadithi, Sahih Muslim). Kwa herufi zetu hayatofautiani hata chembe! Na msiridhike eti "limo kwenye Qur'ani". Zaniya limo, Surat An-Nur aya ya 2, nalo ni mzinifu wa kike. Iblisi naye yumo.

3. Rahman na Khaliq ni majina ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mtoto huitwa Abdulrahman, Abdulkhaliq.

4. Siku ya saba, mwenye uwezo achinje akika: mbuzi wawili kwa wa kiume, mmoja kwa wa kike. Nywele hunyolewa siku hiyo hiyo.

5. Anayekwenda kusajili apewe jina kwenye karatasi. Cheti kikisema Hadija na shule ikaandika Khadija, usumbufu utaanza kwenye pasipoti.

MASWALI

Binti yangu ni Asia, ana miaka sita. Tubadili?
Mlimkusudia nani? Kama ni mke wa Firauni, mwacheni na jina lake. Madrasa aandikwe kwa alifu na sini.

Mama mkwe anataka Mwanaidi. Si la Kiarabu, linafaa?
Linafaa sana. Sharti ni maana njema. Hata Ibrahim na Musa asili yake si Kiarabu.

Abdulrahman wetu mtaani wanamwita Rahmani.
Wakatazeni kwa upole. Wamwite Abdu, au Dula kama walivyozoea watoto wa pwani.

Siku ya saba imepita, bado tunabishana. Tumepata dhambi?
Hapana. Mtume mwenyewe alimpa mwanawe jina la Ibrahim usiku ule ule aliozaliwa, na siku ya saba nayo ni sunna. Kaeni leo mmalize.