Jinsi ya kula bata ukiwa umeokoka, bila kujificha

Wapendwa, kuna kitu nimekiona mpaka nimechoka. Mtu ameokoka miaka kumi, anasali, anatoa sadaka, yuko kwaya, lakini akienda zake Coco Beach Jumamosi jioni kula mihogo anaangalia nyuma kama kaiba. Picha hapost, na akipost anabandika mstari wa Biblia chini yake ili isionekane ni bata tupu, yaani starehe tupu.

Mi mwenyewe nilikuwa hivohivo. Kuna mwaka tulienda Bagamoyo na wenzangu wa ofisini, tumepanda boti, tumerudi ufukweni tumeletewa pweza wa moto na ndimu na pilipili, nacheka mpaka machozi yanatoka, ghafla nikakumbuka usiku ule kanisani kulikuwa na mkesha na mi nilikuwa nimeaga kwamba naumwa. Yule pweza hakushuka tena. (Ndugu zangu Wasabato, najua pweza hamli, hapo mnisamehe.) Nikakaa wiki nzima natubu boti, natubu pweza, natubu kucheka, na imenichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba boti haikuwa na shida na pweza hakuwa na shida, shida nilidanganya. Laiti ningesema tu "mchungaji mkesha huu sitakuwepo nimesafiri" ningekula yule pweza mpaka vidole.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea hesabu, sio ya mchungaji. We chukua yanayokufaa.

Anza na karatasi

Andika vitu vitatu unavyovipenda ila ukivifanya roho inakusuta. Pembeni ya kila kimoja andika nani alikukataza. Sio "Mungu" tu, andika hasa: Biblia kitabu gani, au kanisa langu, au bibi, au mtu fulani alisema kwenye semina. Mimi vyangu vilikuwa kucheza muziki, kuangalia mpira Jumapili jioni, na kulala mchana. Kulala mchana! Nikatafuta aliyenikataza nikakuta ni marehemu bibi, aliyekuwa anasema shetani anapenda watu waliolala.

Hii hatia tunayoibeba ina historia yake. Wamisionari wengi waliokuja huku ngoma waliipiga marufuku moja kwa moja, ngoma ilikuwa ni upagani basi. Alafu miaka ya 1930 ukaanza uamsho kule Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, ukafika Bukoba na sehemu zingine za Tanganyika na Kenya, watu wanasimama wanatubu hadharani, wanarudisha vitu walivyoiba, wanaacha pombe. Ulifanya mema mengi sana, familia ngapi zilipona kwa sababu baba kaacha pombe. Ila uzuri wa waanzilishi ukageuka sheria kwa watoto na wajukuu, mtu hajawahi hata kulewa lakini anaogopa harusi.

Sasa ukimaliza karatasi yako utakuta iko mafungu. Kile kilichokatazwa na Biblia waziwazi (uzinzi, ulevi, kudhulumu) hicho hakina mjadala, usitafute mwongozo hapa. Kile cha kanisa lako, kumbuka ulijiunga mwenyewe, hakuna aliyekufunga kamba, kwa hiyo aidha ufuate au uende ukaongee na mchungaji uso kwa uso, sio kufanya kwa kujificha. Na kile cha bibi, mshukuru bibi ulale.

Halafu soma Wakolosai 2 kuanzia mstari wa 20. Yale maneno ya msishike, msionje, msiguse, watu wanayahubiri kama amri wakati Paulo anayataja kwa kuyapinga, anasema yanaonekana kama hekima ila hayasaidii kitu kuzuia tamaa za mwili. Na ni kweli, nawajua watu wameacha muziki, wameacha nyama, wameacha kupaka mafuta, ila umbea wanao wote.

Kasome mistari ya bata mwenyewe

Usisubiri kuhubiriwa maana hii haihubiriwi sana. Kumbukumbu la Torati 14, mstari wa 22 mpaka 29. Tunaijua zaka ya kupeleka kanisani, lakini pale Mwisraeli anaambiwa atoe sehemu ya kumi ya mavuno, kama safari ni ndefu aiuze, afunge hela mkononi, aende mahali Mungu alipochagua, akifika anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo, ale na nyumba yake mbele za Mungu na afurahi. Yani ni agizo! Mi mara ya kwanza kuisoma nilifunga Biblia nikaangalia jalada kama ni yenyewe.

Alafu Nehemia 8:10. Ile "furaha ya Bwana ni nguvu zenu" iko kwenye vitenge, kwenye tisheti, kwenye daladala, ila nusu ya kwanza ya mstari wenyewe hakuna anayeichapa. Watu wamesomewa torati wanalia, wanaambiwa acheni kulia, nendeni mkale vilivyonona na mnywe vitamu, na wapelekeeni chakula wale ambao hawajaandaliwa kitu.

Na Kana, Yohana 2, ile harusi Yesu aligeuza maji kuwa divai. Mabalasi sita ya mawe, kila moja nzio mbili au tatu, ukipiga kwa lita ni kama lita 80 mpaka 120 kila balasi. Jumla inakuja kama lita 480 mpaka 720. Weka kwenye madumu ya lita 20, madumu 24 kwenda 36. Na watu walikuwa wameshakunywa! Muujiza wa kwanza kabisa, hakuna kipofu, hakuna maiti, ni kamati ya harusi imeishiwa vinywaji. Wale mliowahi kuwa kwenye kamati ya harusi mnajua aibu hiyo ilivyo.

Lakini usiishie hapo maana utakuwa umejichagulia tu. Soma na Luka 12, yule tajiri aliyeiambia nafsi yake pumzika, kula, kunywa, ufurahi, na usiku uleule akafa. Soma Amosi 6, watu wamelala kwenye vitanda vya pembe, wanakula wanakondoo, wanaimba nyimbo, na wamekemewa vibaya sana. Chakula ni kilekile cha Nehemia, nyama ni ileile, sasa kwa nini hawa wabarikiwe wale wakemewe?

Hesabu watu. Kwa Nehemia sahani inatoka nje ya geti inaenda kwa asiyenacho. Kwenye Kumbukumbu kuna Mlawi asiye na shamba, usimwache, na kila mwaka wa tatu ile zaka ni ya mgeni, yatima na mjane. Kwa yule tajiri wa Luka hamna mtu yeyote, ni yeye na nafsi yake, mazao yangu, ghala zangu, vitu vyangu, anaongea peke yake kama mtu mwenye homa. Na wa Amosi wanakula huku wenzao wanaangamia wala hawana habari.

Pesa ya bata itengwe

Hapa ndo wengi tunaharibu. Yule Mwisraeli alikula kitu alichokitenga, hakukopa. Sisi tunakopa kwenye simu Ijumaa ili tufurahi Jumamosi, Jumatatu tunaanza kukwepa namba tusizozijua. Kama unapata laki sita kwa mwezi, toa sadaka yako, kodi, ada, hela ya wazazi, alafu tenga elfu thelathini, hata ishirini, iandike kabisa kwenye daftari: BATA. Weka kwenye kibubu kama huna nidhamu na simu. Ikiisha imeisha, ikibaki inasubiri mwezi ujao. Mi nilivyoanza kutenga hatia ilipungua zaidi ya nusu, kumbe nilichokuwa nakiogopa sio Mungu, ni hesabu.

Na michango ya harusi na kipaimara ni bata pia, iwekee fungu lake. Usichukue kadi ya double kwa kuogopa macho ya watu wakati mtoto hana viatu vya shule, single inatosha, ukumbini utacheza vilevile.

Alafu ukipanga kutoka, ongeza mtu mmoja ambaye bila wewe asingefika. Mwaka juzi tulienda kula hotelini na familia, ya kawaida tu, kuku na chips, tukamchukua na dada anayetusaidia nyumbani. Kakaa kwetu miaka minne. Tumefika, watoto wameshavuta viti, yeye kasimama na mkoba wangu mkononi ananiuliza taratibu, "Dada, mi nikae wapi?" Miaka minne, na alidhani amekuja kubeba mkoba na kuangalia watoto. Sikujibu vizuri, nilimvutia kiti tu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema bata ni dhambi nafikiria kile kiti.

Pombe na muziki

Najua mmesubiri hapa. Makanisa hayafanani, Mkatoliki atakunywa bia yake baada ya misa, Mlokole na Msabato hawagusi, na huko Wittenberg, Ujerumani, mke wa Martin Luther (yule wa Walutheri), Katharina, alikuwa anatengeneza bia nyumbani kwake. Biblia inakataza kulewa, Waefeso 5:18, na Warumi 14 inasema usinywe kama kunamkwaza ndugu yako. Mi sinywi, sio kwa sababu naona chupa ina pepo, ni kwa sababu baba yangu mdogo pombe ilimmaliza na naijua damu yetu. We pima na 1 Wakorintho 6:12, kitu kinaweza kuwa halali ila kisikutawale. Kiache siku arobaini za Kwaresma. Ukimaliza bila kugombana na mtu, sawa. Ukianza kuhesabu masaa, jibu unalo. Kipimo hikihiki kiweke na kwenye simu, betting hata usiipime, iache.

Muziki sikiliza maneno. Kuna singeli nikielewa wanachosema nazima, na kuna nyingine za kuosha vyombo tu. Kucheza mbona mwana mpotevu aliporudi nyumbani kulikuwa na nyimbo na kucheza, na aliyebaki nje amenuna ni yule kaka mwema.

Ukiwa kwenye bata lenyewe

Shukuru palepale, sio usiku ukifika kitandani. Chakula kikija omba kwa sauti ya kawaida, dakika moja, mle. Kama sehemu uliyopo unaona aibu kabisa kumtaja Mungu, basi lipa soda yako uondoke, huhitaji semina. Usidanganye ulipo. Na kama jirani ana msiba wiki hiyo sogeza bata mbele, muziki wako hauwezi kupita juu ya turubai la mtu.

Utaulizwa tu, hasa na wamama wa kanisani. "Mpendwa, nimeziona picha zako." Usianze kujieleza wala kurusha mistari, sema "ndio mama, tulienda, palikuwa pazuri, safari ijayo twende wote."

Mi mwezi wa nane nilirudi Bagamoyo, safari hii nimeaga vizuri, na yule dada tulikuwa naye. Nikapost pweza bila mstari wowote chini. Baada ya nusu saa mzee wa kanisa kaniandikia pembeni, moyo ukaruka, nafungua nakuta kaandika, "Bwana asifiwe binti. Hapo pweza wanauzaje?"