Kuchagua chuo cha uuguzi kati ya vyuo vilivyo jirani nawe, na namna ya kuomba nafasi

Mwombaji wa masomo ya uuguzi mara nyingi huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani, au ni chuo gani ambacho jina lake linavuma. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yanapaswa kutanguliwa na swali moja zito zaidi: nikihitimu hapa, je, baraza la uuguzi litanisajili? Cheti cha chuo peke yake hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Anayeruhusiwa kuhudumia wagonjwa kwa jina la taaluma hiyo ni yule aliyesajiliwa na kupewa leseni, na baraza humsajili mtu aliyesoma katika programu ambayo lenyewe linaitambua. Kwa hiyo ninakushauri uianze kazi hii kutokea mwisho wake: tafuta kwanza orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na baraza, na chuo chochote kisichomo humo ukiondoe katika hesabu zako, hata kama kiko mlango wa pili na kina majengo ya kupendeza.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Idhini zinazohusika kwa kawaida ni mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Kuna mamlaka ya elimu inayokiruhusu chuo kufundisha, na kuna baraza la taaluma linalosimamia uuguzi wenyewe. Nchini Tanzania, kwa mfano, vyuo vya ngazi ya kati husimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ilhali usajili wa wauguzi uko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Nchini Marekani, bodi ya uuguzi ya kila jimbo huidhinisha programu, kisha kuna ithibati ya hiari, yaani uthibitisho wa ubora wa programu, inayotolewa na vyombo kama ACEN na CCNE. Mhitimu wa programu isiyo na ithibati hiyo anaweza kupata leseni, halafu akakataliwa anapotaka kuendelea na masomo ya juu. Soma orodha ya baraza kwa makini: hakikisha iliyotajwa ni kampasi unayotaka kusoma, wala si makao makuu ya chuo hicho katika mji mwingine, ni ngazi unayoiomba, wala si ngazi ya chini yake, na idhini yenyewe haijaisha muda. Chuo kikikujibu kwamba kimeshawasilisha maombi na kinasubiri majibu, subiri pamoja nacho, lakini usikilipe chochote.

Ngazi ipi ya masomo

Astashahada, stashahada na shahada hutofautiana kwa muda, kwa sifa za kujiunga na kwa mamlaka atakayokuwa nayo mhitimu wodini. Nchi nazo hazilingani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inataka mafunzo ya muuguzi wa huduma za jumla yawe ya angalau miaka 3 na saa 4,600, na kati ya hizo mafunzo kwa vitendo yasipungue nusu. Marekani, anayesoma programu ya takriban miaka 2 na anayesoma shahada ya miaka 4 hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, ingawa waajiri huweza kuwatofautisha baadaye. Kwa hiyo usilinganishe majina ya vyeti peke yake. Uliza kila chuo mhitimu wake husajiliwa kwa cheo gani na huruhusiwa kufanya nini bila kusimamiwa.

Shahada ina thamani ya kweli. Mwaka 2014, mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya, wakaonyesha kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada lilihusiana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Hata hivyo, mwenye uwezo mdogo wa fedha, au mwenye familia inayomtegemea, hafanyi kosa kuanza na stashahada, ilimradi ngazi ya kupandia ipo. Uliza vyuo vikuu vya jirani, kabla hujajiunga, kama vinapokea wahitimu wa chuo unachokifikiria na ni masomo mangapi vitayahesabu. Jibu hilo litoke kwa chuo kitakachokupokea baadaye, wala si kwa chuo kinachotaka ujiunge leo.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo kiini

Nimepokea wanafunzi wodini kwa miaka mingi, na ninaweza kusema kwa moyo wote kwamba tofauti kubwa kati ya chuo na chuo huonekana kando ya kitanda cha mgonjwa. Nilimpata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye alama nzuri za darasani, ambaye hakuwahi kuweka mpira wa mkojo wala kusimamia dripu bila mtu mwingine kuishika. Hakuwa mvivu. Chuo chake kilikuwa kimepokea wanafunzi wengi kuliko nafasi za mazoezi kilizokuwa nazo, na watu 12 walikuwa wakigombea mgonjwa mmoja huku mkufunzi wao akipita mara moja kwa wiki. Kosa halikuwa lake, lakini hasara ilikuwa yake, na mgonjwa naye alikuwa hatarini.

Basi uliza kwa kina. Chuo kina makubaliano ya maandishi na hospitali zipi, na makubaliano hayo yanaisha lini? Hospitali ikiwa na jina kubwa si dawa. Hospitali kubwa ya rufaa inaweza kuwa na wanafunzi wa vyuo vitano pamoja na wanafunzi wa udaktari, kiasi kwamba wewe utabaki kutazama kwa mbali, wakati hospitali ya wastani yenye wauguzi wanaopenda kufundisha itakupa nafasi ya kuzalisha, kuhudumia vidonda na kuandika ripoti ya zamu kwa mkono wako. Uliza mkufunzi mmoja hubeba wanafunzi wangapi wanapokuwa wodini, na kama yuko pale muda wote au huwaachia wauguzi wa zamu ambao tayari wamezidiwa na kazi. Uliza kama utapita wodi ya wazazi, ya watoto, ya upasuaji, ya wagonjwa wa akili na pia huduma za jamii, maana kuna vyuo ambavyo mzunguko wa afya ya akili umebaki kwenye karatasi tu. Omba kuonyeshwa kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, uone ni matendo gani yanapaswa kutiwa saini na nani anaruhusiwa kutia saini hiyo.

Chumba cha mazoezi nacho kina uzito wake. Baraza la kitaifa la bodi za uuguzi za Marekani, NCSBN, lilichapisha mwaka 2014 matokeo ya utafiti uliolinganisha wanafunzi, na likaona kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kufanywa kwa mazoezi ya kuigiza bila matokeo ya wanafunzi kushuka, mradi mazoezi hayo ni ya ubora wa juu na yanaongozwa na wakufunzi walioandaliwa kwa kazi hiyo. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Sanamu ya mazoezi iliyofunikwa nailoni na kuwekwa kwa ajili ya wageni haimfundishi mtu. Tembelea chuo asubuhi ya siku ya kazi, wala si siku ya maonyesho, ukaangalie kama vitanda vya mazoezi vimetumika, kama kuna glavu na mabomba ya sindano ya kutosha, na kama wanafunzi wanaruhusiwa kurudi jioni kurudia tendo walilolikosea.

Ushauri wangu wa thamani kuliko wote katika sehemu hii ni huu: nenda hospitali ambako wanafunzi wa vyuo vya jirani hufanya mazoezi, umwombe kwa heshima muuguzi wa zamu, anapokuwa na nafasi, akuambie ni wanafunzi wa chuo gani wanaofika wakiwa wameandaliwa. Wauguzi wa wodini wanajua, na hawana sababu ya kukificha chuo wala kukipamba. Kisha zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao wameshaonja ugumu lakini bado hawajaanza kukisifu chuo kwa sababu ya kukaribia kuhitimu.

Kuhusu ufaulu, vyuo vingi hutangaza asilimia ya waliofaulu mtihani wa leseni, na namba hiyo inaweza kupotosha bila kuwa ya uongo. Chukua chuo kilichopokea wanafunzi 100, wakafika kwenye mtihani 60 tu, wakafaulu 57. Chuo hicho kitaandika asilimia 95, na kitakuwa kimesema kweli. Lakini kwako wewe unayeingia mlangoni, waliofika mwisho ni 57 kati ya 100. Uliza namba zote mbili kwa miaka mitatu mfululizo, uulize pia kama ufaulu huo ni wa jaribio la kwanza.

Gharama na umbali

Ada ni sehemu tu ya gharama. Ongeza sare, viatu vya wodini, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu, vitabu, chanjo, bima, nauli ya kwenda hospitali ya mazoezi, ada ya mtihani na ada ya usajili. Dai utaratibu wa kurejeshewa fedha kwa maandishi. Ukaribu nao upime kutoka nyumbani hadi hospitali ya mazoezi, kwa kuwa zamu ya asubuhi huanza mapema na ya usiku huisha wakati umechoka. Chuo kilicho karibu kinachokupeleka mbali kwa mazoezi si cha karibu tena.

Kuandaa na kutuma maombi

Hesabu muda kurudi nyuma kutoka siku dirisha la udahili linapofungwa. Kitu kinachochukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani ni chanjo ya homa ya ini B, ambayo wanafunzi wa afya hutakiwa kuwa nayo katika vyuo vingi: kwa utaratibu wa kawaida ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Anayeanza wiki ya kufungua chuo hawezi kuikamilisha kabla ya kwenda wodini. Kipimo cha kifua kikuu na cheti cha afya navyo vina muda wa kuisha, hivyo usivichukue mapema mno.

Kagua majina yako. Kama cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani na kitambulisho vina tahajia tofauti, tengeneza hati ya kisheria sasa, maana tofauti ya herufi moja huweza kuzuia udahili leo na usajili wa baraza miaka mitatu ijayo. Angalia pia kama alama zako za Biolojia na Kemia zinafika kiwango kinachotakiwa, na kama chuo hupokea maombi moja kwa moja au kupitia mfumo wa pamoja wa udahili. Omba vyuo viwili au vitatu vilivyopita mchujo wako, si kimoja, wala si kumi. Usimpe dalali fedha kwa ahadi ya nafasi.

Ikiwa unatakiwa kuandika barua ya kueleza nia yako, usiseme kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu. Wasomaji wa barua hizo wameisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Eleza jambo moja ulilolifanya au kulishuhudia, kama vile kumuuguza bibi yako baada ya kiharusi: ulijifunza nini kuhusu kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgandamizo, na ni nini ulichoshindwa kukielewa ambacho sasa unataka kukisomea. Katika usaili, tarajia kuulizwa ungefanya nini mgonjwa akikataa dawa, au ukigundua kwamba umekosea kipimo. Wanaokuhoji hawatafuti jibu la kitaalamu kutoka kwa mtu ambaye bado hajasoma. Wanataka kuona kama utamsikiliza mgonjwa kabla ya kumshurutisha, na kama utasema kosa lako mara moja kwa anayekusimamia.

Ukikataliwa, andika kuuliza sababu. Ikiwa ni alama, rudia somo hilo. Ikiwa ni wingi wa waombaji, uliza kama kuna orodha ya wanaosubiri na inadumu hadi lini. Mwaka mmoja wa kusubiri unauma, lakini miaka mitatu katika programu ambayo baraza haliitambui inauma zaidi.

Ukipata nafasi mbili, soma barua zote hadi mwisho, ukiangalia jina la programu, ngazi yake, kampasi, tarehe ya kuripoti na masharti ya kurejeshewa fedha. Kisha, kabla ya kulipa malipo ya kushikilia nafasi, wasiliana tena na baraza, uwatajie jina la chuo kama lilivyoandikwa kwenye barua hiyo, na uombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba wahitimu wa programu hiyo watasajiliwa.