Somo: Kuhesabu kalori na kupima maendeleo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kwa sisi tunaokula bukari (ugali) na sombe (kisamvu)

Ndugu zangu wanakikundi, karatasi ya chakula niliyopewa siku nilipotoka hospitali, mbali na nyumbani, ilikuwa nzuri sana, lakini haikumjua mtu wa Lubumbashi. Ilitaja mtindi usio na mafuta na samaki wa kopo aliyehifadhiwa katika maji, wala haikutaja bukari, sombe, lengalenga (mchicha) au ndakala (dagaa). Kwa miezi mitatu niliandika kwenye daftari namba za kubahatisha, tena kwa uaminifu mkubwa, huku nikishangaa kwa nini kijiko changu kimoja cha mboga kinanizuia kupungua. Kosa langu lilikuwa kupima sahani, wakati kalori zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye chungu. Ndiyo maana somo hili linaanzia jikoni, na mizani ya kujipimia mwili itakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: jua unahesabu nini, na wakati gani

Katika majuma ya kwanza baada ya upasuaji, usijisumbue na kalori. Mfuko wa chakula bado una kidonda, na waliofanyiwa slivu (upasuaji wa kukata mfuko huo uwe mwembamba) wameondolewa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo. Kwa hiyo kula kupita kiasi si tatizo la wakati huo. Tatizo ni maji na protini. Andika kila kikombe cha maji unachokunywa kidogo kidogo, ukilenga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba ambapo joto la mji wetu hukausha mwili kabla mvua hazijaanza. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba hujafika. Usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula.

Kalori huanza kuhesabiwa kwa makini unaporudi kwenye chakula kigumu, jambo ambalo kwa wengi hutokea karibu na mwezi wa pili. Wengi wetu huwa kati ya kalori 800 na 1000 kwa siku kufikia mwezi wa sita, kisha hupanda hadi 1200 hivi baada ya mwaka, lakini kiwango chako ni kile ulichopewa na daktari wako, maana urefu, kazi na aina ya upasuaji havilingani kwa watu wote. Kumbuka pia kwamba kila gramu ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9, na ya pombe 7. Namba hizo nne zitakusaidia kuliko programu yoyote ya simu.

Hatua ya pili: pima chungu kabla ya kupima sahani

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri, ile inayoonyesha gramu. Sokoni unga tunanunua kwa meka (chombo cha kupimia) na mafuta kwa chupa au kwa kipimo cha muuzaji, na vipimo hivyo havifanani toka meza moja hadi nyingine. Kwa hiyo gramu utazipata nyumbani tu.

Tuanze na bukari. Nilipima unga wa mahindi gramu 500, ambao una kalori zipatazo 1800. Baada ya kusonga, bukari yote ilikuwa na gramu 1500. Gawanya: kila gramu 100 za bukari ile zilikuwa na kalori 120. Kisha nikapima tonge langu, lile ninalolifinyanga kwa vidole bila kufikiri, nikakuta gramu 30, yaani kalori 36 na protini isiyofika gramu moja. Fanya hivyo mara moja kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu tonge la kila mtu lina ukubwa wake, na anayesonga bukari laini hutia maji mengi kuliko anayesonga ngumu. Ukichanganya unga wa muhogo, kalori hazibadiliki sana, lakini protini hupungua zaidi.

Sasa sombe, ambayo ndiyo iliyonifundisha adabu. Usijaribu kukadiria mafuta kwa macho. Weka chupa ya mawese kwenye mizani kabla ya kupika, uipime tena baada ya kupika. Tofauti yake ndiyo iliyomo chunguni. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta gramu 150 za mafuta, yaani kalori 1350, na karanga za kutwanga gramu 200, zenye kalori zipatazo 1140. Jumla ni 2490 kabla ya kuyahesabu majani, ambayo huongeza kidogo tu. Sombe iliyoiva ilikuwa na gramu 2500, hivyo kila upawa wa gramu 100 ulibeba kalori 100 za mafuta na karanga peke yake. Juma lililofuata mafuta yakawa gramu 50 badala ya 150, karanga zikabaki vilevile, na upawa uleule ukashuka hadi kalori zipatazo 65. Watoto hawakulalamika. Mume wangu alilalamika siku mbili.

Kama chungu chako ni kizito kuliko uwezo wa mizani, usikipime chote: pima upawa mmoja uliojaa, kisha hesabu umetoa pawa ngapi hadi chungu kiishe.

Hatua ya tatu: protini iingie kwanza mdomoni

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na mfuko mdogo ukijaa bukari, protini haipati nafasi. Hapa Katanga tuna bahati ya ndakala, ambazo wengine huziita kapenta. Gramu 30 za ndakala kavu, kiganja kimoja tu, zina protini zipatazo gramu 18 kwa kalori zisizofika 100, na bei yake haimshindi mtu wa kawaida. Nampenda samaki huyu kuliko unga wowote wa protini wa kopo, ingawa ni lazima umloweke na kumwosha vizuri ili kupunguza chumvi na mchanga, umpike hadi alainike, na umtafune polepole.

Siku yangu moja ya mwezi wa sita ilikuwa hivi: mayai mawili, ndakala gramu 30, samaki mbichi wa kuchemsha gramu 80, maharage yaliyoiva gramu 80, na gramu 25 za maziwa ya unga yaliyokorogwa katika uji mwepesi. Hapo kuna protini zipatazo gramu 64 kwa kalori zisizozidi 600. Ongeza matonge mawili ya bukari na vijiko viwili vidogo vya mafuta, utakuwa bado chini ya 800.

Vinywaji viandikwe pia. Soda ya mililita 300 ina kalori zaidi ya 120, zote za sukari, na munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi) uliotiwa sukari usidhaniwe kuwa maji. Kwa waliofanyiwa baipasi (upasuaji wa kupitisha chakula pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo), sukari nyingi kwa mkupuo huweza kuleta moyo kwenda mbio, jasho na kuhara.

Hatua ya nne: kujipima uzito, mara moja kwa juma

Chagua siku moja. Jipime asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Anayejipima kila siku hupima maji na chumvi ya jana.

Kilo peke yake haisemi ukweli wote, kwa hiyo tunatumia asilimia. Nitatumia namba zangu. Urefu wangu ni mita 1.65, na siku ya upasuaji nilikuwa na kilo 124. Zidisha urefu kwa urefu, upate 2.72, gawanya 124 kwa namba hiyo, utapata kipimo cha uwiano wa mwili (BMI) cha 45.5. Mtu wa urefu wangu mwenye uwiano wa 25 ana kilo 68, kwa hiyo uzito wangu wa ziada ulikuwa kilo 56. Baada ya miezi sita nilikuwa na kilo 97, nimepoteza 27. Gawanya 27 kwa 124, unapata asilimia 22 ya uzito wote. Gawanya 27 kwa 56, unapata asilimia 48 ya uzito wa ziada. Ni mwili uleule na kilo zilezile, lakini asilimia mbili tofauti kabisa. Mtu akikuambia amepoteza nusu na wewe umepoteza robo, muulize kwanza anahesabu ipi kabla hujakata tamaa. Kwa jumla, baada ya mwaka mmoja hadi miwili, waliofanyiwa slivu hupoteza karibu robo ya uzito wote, na waliofanyiwa baipasi karibu asilimia 30.

Hatua ya tano: utepe, ngazi na damu

Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi wa kushona, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, mara moja kwa mwezi. Kwa mwanamke, kushuka chini ya sentimita 88 ni habari njema kwa moyo. Kwa mwanamume ni 102. Weka pia libaya (blauzi) moja ya zamani usiyoipeleka kwa fundi kupunguzwa, uijaribu kila mwezi. Andika unapanda ngazi ngapi bila kusimama.

Damu usiiache. Vipimo vya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, huonyesha wekundu wa damu (hemoglobini), chuma, vitamini B12 na vitamini D, vitu ambavyo mizani haivioni. Vitamini ni za maisha yote, na vidonge vya chuma na vya kalisi (kalsiamu) viachane kwa saa mbili angalau. Mwenye kisukari au shinikizo la damu arudi kwa daktari mapema, kwa sababu dawa iliyomtosha kabla ya upasuaji huweza kuwa kali mno ndani ya siku chache tu.

Maswali ya wanakikundi

*Mama wa Katuba: Yaya (dada mkubwa), nyumbani tunakula bukari kwenye sahani moja. Nikijitenga, mama mkwe anasema nimeanza majivuno. Nitahesabuje?*

Mama, usijitenge. Kaa palepale, lakini samaki wako na mboga yako viwe katika kibakuli kidogo kilichopimwa kabla ya kuja mezani, na vile uvimalize kwanza. Kwenye sahani ya wote chukua matonge uliyojiwekea, mawili au matatu, na kwa sababu umekwisha kulijua tonge lako, hesabu imekwisha. Kula polepole ili mkono wako uonekane bado upo sahanini.

*Ndugu wa Ruashi: Nina majuma matano tangu upasuaji, na kwa majuma mawili sasa mizani haisogei hata gramu. Je, upasuaji wangu umeshindwa?*

Hapana, ndugu. Kusimama huko huwapata wengi katika majuma ya mwanzo. Kwanza mwili hutumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo hushikamana na gramu zipatazo tatu za maji, ndiyo maana kilo za kwanza huanguka haraka; baadaye mwili huyarudisha baadhi ya maji wakati mafuta yanaendelea kupungua. Pima kiuno. Usipunguze chakula zaidi, na usiache protini.

*Dada wa Kampemba: Watu wananiona kwenye kilio wanaanza kunong'ona kwamba nina ugonjwa. Wengine wananiuliza wazi kama nimepima damu. Naumia sana.*

Mdogo wangu, maneno haya nimeyasikia hata mimi, soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, kutoka kwa mtu aliyenijua tangu utoto. Katika mji wetu unene bado unasomwa kama afya na pesa, na kukonda kunasomwa kama msiba. Huna deni la kumweleza kila mtu. Mchague mmoja katika familia, mwenye busara, umwonyeshe daftari lako na matokeo ya damu, yeye awajibu wengine. Na usikubali kula sahani ya pili kilioni ili kuthibitisha kwamba uko mzima. Utatapika mbele yao, na maneno yatazidi.

*Mama wa Kamalondo: Kanisa letu lina maombi ya siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Nina miezi minne.*

Usifunge kavu, mama. Kwa miezi minne huwezi kunywa kwa mkupuo ili kulipa maji uliyoyakosa, na kupungua haraka tayari kunaongeza hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Zungumza na mchungaji faraghani, mwambie umepasuliwa, umwombe uhudhurie maombi huku ukinywa na kula kidogo kidogo. Na yeyote anayetapika kila siku, awe amefunga au hajafunga, aende hospitali bila kungoja, kwa sababu ukosefu wa vitamini B1 huweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu.

*Dada wa Likasi: Nywele zinatoka kwa wingi, nina miezi mitano.*

Ni kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na mara nyingi hurudi. Hata hivyo hesabu protini zako za siku saba zilizopita, na upime chuma.

*Ndugu wa Kenya: Mimi nina miaka mitatu tangu upasuaji. Nilikuwa nimefika kilo 82, sasa nina 87. Ninakula kidogo kama zamani, naapa.*

Nakuamini, ndugu. Kurudisha kilo chache baada ya mwaka wa pili huwapata wengi, na tano si msiba, ila tusizingoje ziwe kumi na tano. Andika siku saba mfululizo, pamoja na bia za Jumapili, maana pombe huongeza kalori bila kushibisha, na baada ya upasuaji hupanda kichwani upesi zaidi. Kisha muombe anayekupikia apime chupa ya mafuta kabla na baada ya kupika, kwa siku hizo saba. Uje na namba hizo Jumamosi, tutaanza nazo.