Usiharakishe kuchora mstari wa Horner
Kisima cha mafuta kinapofungwa ili kupima jinsi mgandamizo unavyopanda, vipimo vya mwanzo hueleza hali ya kisima chenyewe kuliko ya mwamba, kwa sababu mafuta huendelea kuingia na kugandamizwa ndani ya bomba hata baada ya vali ya juu kufungwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari mnyoofu wa mgandamizo dhidi ya logi ya muda, ambao mteremko wake hutoa upenyevu wa mwamba (urahisi wa mafuta kupita ndani yake), kwa mbinu aliyoieleza Horner mwaka 1951, chora kwanza grafu ya logi kwa logi (mihimili yote miwili ikiwa ya logarithmi) yenye badiliko la mgandamizo pamoja na drivativu yake, yaani kasi ya badiliko hilo kwa logi ya muda, kama Bourdet na wenzake walivyopendekeza mwaka 1983. Subiri drivativu ishuke kutoka kwenye nundu inayoletwa na mafuta hayo yanayoendelea kuingia, na kulala sawa. Mteremko ukichukuliwa kwenye nundu huwa mkali mno, na upenyevu wa mwamba utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi zaidi ni kwamba mgandamizo wa saa 1 baada ya kisima kufungwa, unaotumika kukokotoa skini (kipimo cha jinsi mwamba ulio karibu na kisima ulivyoharibika au kuboreshwa), husomwa kwenye mstari huo ulioendelezwa nyuma hadi saa hiyo, hata kama kipimo halisi cha saa hiyo kinatofautiana nao.