Kumsubiri dundu wa papasi ndefu atoke kwenye tawi

Juzi kijana mmoja aliniletea buu ndani ya kiberiti: mweupe, mnono, miguu haionekani. Akataka jina. Buu huyo ni wa dundu wa papasi ndefu, yaani zile nyuzi za kichwani za kupapasia. Familia yao, Cerambycidae, ina spishi zaidi ya 35,000, na mabuu wao ukiwatazama kwa macho tu ni wale wale. Nilimuuliza tawi liko wapi, akasema amelipasua, amelichoma. Basi jina nalo likaenda na moshi. Ukitaka kumjua dundu huyu, muache ndani ya mti mpaka atoke mwenyewe.

1. Tafuta tawi. Tazama yaliyoanguka chini ya mti. Majike wa baadhi ya spishi za Lamiinae, kundi moja ndani ya familia hii, hutafuna pete kuzunguka tawi na kutaga upande wa juu wa pete hiyo, tawi likafa, upepo ukaliangusha. Mwisho wake utaujua: ukingoni pametafunwa vizuri kama pamepitishwa patasi, katikati pamevunjika kwa vibanzi.

2. Kata vipande vinavyoingia kwenye ndoo. Kwa msumeno. Panga linapasua, na buu yumo humo.

3. Funika kwa wavu wa chuma. Usiniambie habari za chandarua. Dundu aliyetoboa mti atashindwa na uzi?

4. Unyevu. Hapa ndipo nilipoharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilifunga ndoo kwa mfuniko mzima na kunyunyizia maji kila siku. Baada ya wiki chache tawi lilivaa ukungu wa kijani, na nilipolipasua mabuu walikuwa wamekuwa weusi, laini. Mara ya pili nikaogopa maji kabisa. Tawi likakauka, nikasubiri miezi minane, akatoka mmoja tu, kibeti.

Sasa nafanya hivi. Ncha moja ya kila kipande naipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, maana maji hutoroka zaidi kwenye ncha kuliko kwenye gome. Ile nyingine naiacha wazi, na hiyo ndiyo ninayoilowesha, gome siligusi. Kipande nakipima kwa mizani siku ya kwanza, uzito nauandika kwenye gome kwa penseli. Ukishuka sana, nalowesha ncha, naacha uso ukauke, ndipo narudisha wavu. Tawi lililookotwa likiwa bado bichi halitaki maji wiki za mwanzo. La zamani, lililokwisha kuwa jepesi, usilitumbukize kwenye maji ukidhani unalifidia. Utaukaribisha ukungu ule ule. Na usikate tamaa mapema: kuna dundu wa familia hii waliotoka kwenye samani miaka mingi baada ya seremala kuzimaliza.

5. Kagua kila asubuhi. Wakitoka nyigu wadogo, wahifadhi pia. Hao wamemla mwenyeji wao. Dundu mwenyewe ukimshika wengi hulia kwi-kwi, wakisugua pingili ya kifua. Hawa wa Lamiinae hutafuna gome kabla ya kutaga, kwa hiyo ukitaka waishi, wape vijiti vibichi vya mti ule ule.

6. Hifadhi. Friza siku mbili, kisha pini kwenye bawa gumu la kulia. Papasi zilaze nyuma, zisivunjike. Lebo iwe na mahali, aina ya mti na tarehe mbili: siku uliyookota tawi na siku aliyotoka.